Anayekata Upepo

Kusi ikishika ghuba ya Mikindani, mchuuzi mwenye tenga la samaki kwenye keria ya baiskeli hafanyi mashindano na mtu. Huinama juu ya usukani akakanyaga. Wakiwa wawili au watatu hufuatana, mmoja mbele, wenzake wamejibanza nyuma ya mgongo wake. Wa mbele akichoka, wa nyuma humpokea. Hakuna aliyewafundisha hayo darasani. Anayemfuata mwenzake kwa karibu hupunguziwa kazi sana, kwa kuwa upepo umekwisha kukatwa na aliye mbele.

Mbio kubwa za baiskeli za Ulaya zimejengwa juu ya jambo hilo hilo. Siku hizi timu huingia Tour de France na watu wanane, na mara nyingi mmoja wao ndiye anayetafutiwa ushindi. Waliobaki humkinga upepo, hurudi nyuma kwenye gari kumchukulia maji, na akipata pancha yuko atakayemvulia gurudumu lake. Jioni jina linalotangazwa ni moja.

Wahenga wa pwani walisema, usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha. Naikumbuka kauli hiyo kila nikisikia vijana wakiwataja mashujaa wao wa baiskeli. Wawataje, ni haki yao, maana zamani hatukuwa na wa kumtaja kutoka upande wetu wa dunia. Leo yupo Biniam Girmay wa Eritrea, mtoto wa Asmara, aliyeshinda mbio za Gent–Wevelgem kule Ubelgiji mwaka 2022, na mwaka 2024 akashinda hatua tatu za Tour de France na kurudi na jezi ya kijani, ya anayeongoza kwa pointi. Hakuna Mwafrika mweusi aliyewahi kushinda hata hatua moja ya mbio zile kabla yake. Lakini mwaka 2015 Daniel Teklehaimanot na Merhawi Kudus, Waeritrea wenzake, walikwisha kuzipanda barabara zile, na Teklehaimanot akavaa kwa siku kadhaa jezi ya mpanda milima bora. Girmay alikuta njia ina nyayo.

Na Chris Froome? Huyo ameshinda Tour de France mara 4, mwaka 2013, kisha 2015, 2016 na 2017. Alizaliwa Nairobi. Alipokuwa bado mtoto, mama yake alimpeleka kwa David Kinjah, mwendesha baiskeli aliyekuwa akiishi kijijini Mai-a-Ihii, Kikuyu, nje kidogo ya Nairobi. Kinjah alikuwa akiwakusanya watoto wa pale kijijini, wengi wao wa nyumba zisizo na kitu, akiwafundisha kupanda na kutengeneza baiskeli. Froome akajiunga nao, akapandisha milima ile pamoja nao. Mwaka 2006 alikwenda Melbourne kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola akiwa amevaa rangi za Kenya. Baadaye akawa mpandaji wa Uingereza, na utajiri na sifa vikaja. Kinjah aliendelea na kikundi chake, Safari Simbaz, na watoto wengine.

Huku kwetu Mtwara tunajua thamani ya kungwi. Mwali akitoka jandoni amependeza, ngoma hulia kwa ajili yake, lakini mwenye akili humtazama aliyekuwa naye ndani. Kwangu mimi Kinjah ni shujaa kumzidi mwanafunzi wake, na nasema hivyo bila kumpunguzia Froome kilomita hata moja aliyoitokea jasho.

Wa pili ninayemweka moyoni ni Suleiman Kangangi, Mkenya, ambaye wenzake walimwita Sule. Mwaka 2017 alishika nafasi ya tatu katika mbio za kuizunguka Rwanda, na alikuwa amepanda na timu ya Ujerumani. Angeweza kutosheka na riziki yake. Badala yake akawa nahodha wa Team Amani, timu iliyoundwa ili vijana wa Afrika Mashariki wapate mbio za kushindana na walimwengu. Aliutumia umri wake kuwafungulia wadogo zake mlango ambao yeye alikuwa ameusukuma kwa bega. Tarehe 27 Agosti 2022 alianguka akiwa mbioni katika jimbo la Vermont, Marekani, akafariki akiwa na miaka 33. Miaka mitatu baadaye, Septemba 2025, mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yakafanyika Afrika kwa mara ya kwanza, mjini Kigali. Sule hakuyaona.

Jinsi wanaobeba wanavyosahauliwa, Mikindani ingepaswa kulielewa jambo hilo upesi kuliko miji mingine. Mwaka 1866 David Livingstone alishukia hapa na msafara wake kabla ya kuingia bara, na jina lake halijafutika mjini. Watumishi wake, Susi na Chuma, walikuwa katika msafara huo. Alipokufa mwaka 1873, wao na wenzao waliubeba mwili wake zaidi ya kilomita 1,000 hadi pwani, Bagamoyo. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: mgeni alisafiri, lakini waliobeba ni hawa, na ni wachache wanaowataja.

Basi mzazi, mwanao akikutajia bingwa wa baiskeli, usimkatize. Muulize ni nani aliyemfundisha huyo bingwa, na akishindwa kujibu, mtafute jibu pamoja. Fundi wa baiskeli, mwite kijana anayezurura karibu na kibanda chako umwoneshe namna ya kuziba pancha na kukaza mnyororo, msichana naye usimfukuze. Na wewe mwenye baiskeli iliyoegemezwa ukutani uani ikiliwa na kutu ya chumvi, itoe. Yuko mtoto anayeihitaji.