Je, Kuuliza Hesabu ni Kukosa Adabu?

Liko swali moja ambalo katika mikutano yetu ya kijiji huulizwa kwa sauti ya chini, na mara nyingi mwenye kuliuliza huketi upesi kabla hajajibiwa. Ni swali la hesabu: fedha zilikwenda wapi, nani aliamua, na kwa sababu gani. Tumewaona watu wazima wenye wajukuu wakiomba radhi kwanza ndipo waulize, kana kwamba wanakusudia kumvunjia mtu heshima. Twataka leo kulifikiri jambo hili pamoja nanyi, ndugu wasomaji. Je, kuuliza hesabu ya mali ya watu wote ni kukosa adabu, ama kutokuuliza ndiko kuuacha wajibu wetu? Na ili tusiseme maneno ya hewani tu, twachukua jambo lililotokea katika nchi hii yetu ya Nachingwea, nalo ni habari ya reli.

Vijana wengi wakiambiwa ya kuwa Nachingwea ilikuwa na garimoshi hucheka. Lakini ilikuwa nalo. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya Uingereza ilitaka mafuta ya kula kwa ajili ya watu wake, ikaanzisha mpango mkubwa wa kulima karanga katika Tanganyika. Mwaka 1946 walikuja wataalamu, wakaizunguka nchi kwa muda wa majuma tisa hivi, sehemu kubwa kwa ndege, wakapendekeza zilimwe ekari zaidi ya milioni 3. Mashamba yakafunguliwa Kongwa, Urambo, na hapa kwetu Nachingwea. Kwa ajili ya karanga hizo ikajengwa bandari ya Mtwara, ikajengwa na reli. Kwanza ilianzia Mkwaya, kwenye hori ya Lindi, na mwaka 1949 ikafika Nachingwea. Baadaye ikaunganishwa na Mtwara, na mwaka 1958 tawi lake likafika Masasi. Lakini mpango wenyewe ulikuwa umekwisha kuvunjika tangu mwaka 1951, baada ya kumeza pauni za Kiingereza milioni 36 hivi. Reli ikabaki, karanga hazipo.

Muda mfupi baada ya uhuru, mwanzoni mwa miaka ya 1960, reli hiyo ikafungwa na vyuma vyake vikang'olewa. Sababu ilikuwa fupi: hailipi. Sisi tulio katika miaka ya sitini sasa hatukuwahi kuipanda. Kwa Lionja garimoshi halikufika kabisa, mwenye mzigo ilimbidi aufikishe Nachingwea kwanza. Hata hivyo lilikuwa ni njia ya kwenda pwani, na siku moja halikuwako tena.

Hatuandiki haya ili kuwalaumu waliolifunga. Yatupasa tuseme kweli: huenda walifanya vema. Serikali ilikuwa changa na hazina ilikuwa ndogo, na kila shilingi iliyoziba pengo la reli ni shilingi ambayo haikununua dawa wala kujenga darasa. Mtu aliye na watoto wengi na chakula kidogo hawezi kulaumiwa kwa kumchinja ng'ombe asiyetoa maziwa. Tena reli ile ililetwa na watu wa mbali kwa ajili ya shabaha yao. Hawakutuuliza walipoileta, na yawezekana ndiyo maana hakuna aliyekumbuka kutuuliza ilipoondoka.

Lakini sisi tulifundisha hesabu darasani kwa miaka mingi, nasi twajua jambo moja ambalo kila mwalimu analijua. Mtoto akileta jibu tupu, hata likiwa sahihi, hatumpi alama zote. Twamwuliza, "Njia iko wapi?" Twataka kuona alivyojumlisha na alivyotoa, maana jibu sahihi laweza kupatikana kwa kubahatisha, ama kwa kumchungulia jirani, na jibu lenye makosa haliwezi kusahihishwa kama hatuoni mahali alipoteleza. "Hailipi" ni jibu. Huenda ni jibu sahihi. Watu wa kusini hawakuonyeshwa njia.

Na hapo ndipo pana shida kubwa kuliko watu wengi wanavyodhani, kwa sababu katika jambo la namna hii si rahisi kujua ni kitu gani kihesabiwe. Daftari la reli huandikwa nauli za abiria na ushuru wa mizigo upande mmoja, na upande wa pili makaa, mafuta, mishahara na matengenezo. Lakini mkulima anayebeba gunia kichwani kwa kuwa garimoshi halipo, hasara yake haiandikwi katika daftari lo lote. Mgonjwa aliyechelewa hospitali haandikwi. Hasara iliyoondolewa Nairobi, yalikokuwa makao makuu ya Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, haikupotea. Ilihama ikawakalia watu wa huku, ila huku hapakuwa na karani wa kuiandika. Tukisema kila kisicholeta faida kifungwe, basi shule zote tulizofundisha zingefungwa mwaka wa kwanza, maana hatukuona hata moja iliyouza kitu.

Tufikiri juu ya korosho. Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani 145,000 hivi za korosho, na sehemu kubwa sana ilitoka huku kusini. Hiyo ni kama miaka kumi tu tangu reli kung'olewa, na mkorosho, kama kila mtu wa hapa ajuavyo, hauzai siku unayopandwa. Je, aliyepiga hesabu ya reli alitazama miche iliyokuwa ikiota mashambani? Huenda aliitazama, akaona hata hivyo malori yatatosha. Huenda hakuitazama kabisa. Nayo barabara tuliyoachiwa mnaikumbuka wenyewe: kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003 pale Rufiji, masika yakianza mtu wa kusini alikuwa kama mtu wa kisiwani.

Zamani zile wazee wetu wasingeweza kuuliza hata wangetaka. Wangemwandikia nani? Siku hizi mambo ni mengine. Katiba yetu katika ibara ya 18 yasema ya kuwa mwananchi anayo haki ya kupewa taarifa juu ya mambo yaliyo muhimu kwa maisha yake na kwa jamii. Na mwaka 2016 Bunge lilipitisha Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa. Kwa sheria hiyo raia aweza kuiandikia ofisi ya umma akaomba taarifa iliyo nayo, na ofisi imepewa siku 30 za kumjibu. Yako mambo yasiyotolewa, kama yale ya usalama wa taifa, na hilo ni haki. Lakini anayekataliwa apaswa kuambiwa sababu. Si sheria kamilifu, ila ni mlango, na kwa kadiri tunavyoona watu wa vijijini ni wachache sana waliowahi kuugonga.

Wenzetu wa Kenya waliugonga wa kwao, na kisa chao chafaa kujulikana. Reli mpya ya Mombasa mpaka Nairobi, iliyojengwa kwa mkopo mkubwa kutoka China, ilianza kuchukua abiria mwaka 2017. Shida yao ilikuwa kinyume cha yetu: wao hawakunyang'anywa reli, bali waliamriwa kuitumia. Ilipotolewa amri ya kuwa makontena ya bandarini yapakiwe katika treni, wenye malori wa Mombasa na wote waliokula kwa jasho la barabara waliona kazi zao zikiondoka, nao wakataka kujua imeandikwa nini katika mikataba hata ikabidi iwe hivyo. Mwezi Desemba 2019 wananchi wawili wa umoja uitwao Okoa Mombasa, Khelef Khalifa na Wanjiru Gikonyo, waliiandikia serikali kuiomba mikataba hiyo kwa mujibu wa katiba na sheria ya Kenya. Hawakupewa. Mwaka 2021 wakaenda mahakamani. Serikali ilishika neno la siri. Mwezi Mei 2022 Mahakama Kuu ya Mombasa iliamua ya kuwa wananchi wana haki ya kuiona mikataba, na Novemba mwaka ule ule serikali mpya iliiweka wazi mikataba ya mkopo. Ilichukua karibu miaka mitatu, kwa karatasi na uvumilivu. Na katika karatasi hizo lilionekana sharti lenyewe lililomfunga mkopaji asiyaseme masharti ya mkopo. Yaani mwenye kulipa deni alifichwa deni lake.

Hata Uingereza, kabla hawajawa na sheria ya namna hii, jambo kama hilo lilitokea. Katika miaka ya 1980 shirika lao la reli lilitaka kuifunga njia ya Settle mpaka Carlisle, likisema daraja kubwa la Ribblehead limechakaa na kulitengeneza kungegharimu mamilioni mengi ya pauni. Wenyeji hawakuridhika na jibu hilo. Wakaikagua hesabu, wakakusanya pingamizi za watu zaidi ya 22,000 (na mbwa mmoja, kwa kuwa naye alikuwa akilipiwa nauli, Waingereza wana mambo yao), na daraja lilipochunguzwa ilionekana matengenezo yangegharimu pungufu sana ya makisio. Mwaka 1989 serikali ilikataa kuifunga njia hiyo, na treni zinapita hata leo.

Basi turudi kwenye adabu. Kuna watakaosema, "Mwalimu, hayo ni ya Mombasa na ya Ulaya; huku kwetu ukimwuliza mkubwa hesabu, atadhani umemwita mwizi." Twajua ya kuwa ndivyo ilivyo mara nyingi. Lakini fikirini jinsi wazee wa kanisa wanavyosoma hesabu ya sadaka mbele ya watu wote. Hatuwasomeshi kwa kuwa twawashuku. Mzee mwaminifu ndiye anayetaka kusoma kwa sauti kuu, maana hesabu iliyosomwa humlinda na midomo ya watu. Anayeficha daftari ndiye anayeipa fitina chakula. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na hawakumtaja mwizi katika methali hiyo. Mali yaweza kuisha hata mikononi mwa mtu mwema.

Lakini anayeuliza naye ana adabu zake, na hapa twapenda kukaa kidogo, kwa sababu tumeona watu wakidai haki hii kwa pupa. Kwanza aulize jambo moja lililo wazi. Kusema "twataka kujua kila kitu" ni sawa na kutouliza. Tena asiichukue nusu ya jibu akaipeleka kijiweni kwenye bao, huko ikakatwa na kutiwa chumvi hata mwandishi wake asiitambue. Karani aliyefungua faili apaswa kushukuriwa kama mtu aliyefanya kazi yake.

Gumu kuliko yote ni hili: awe tayari kulipokea jibu asilolipenda. Je, kama tungeyapata mafaili ya reli ile, tukayasoma yote, tukaona kweli mabehewa yalikwenda matupu siku nyingi, na mwenye kukata shauri alipima pande zote, hata korosho alizihesabu? Hapo ingetubidi tuseme alikuwa na haki, tukaacha kunung'unika. Mtu anayeuliza akiwa amekwisha kukusudia kutoliamini jibu lo lote isipokuwa lile la moyoni mwake, huyo haulizi, anashtaki. Wala tusidhani kuuliza hukosa faida pale ambapo jibu ni "hapana". Mtu akinyang'anywa kitu kwa sababu aliyoonyeshwa, huumia. Akinyang'anywa bila kuonyeshwa, huumia na tena hudharauliwa. Yale ya pili hukaa moyoni muda mrefu zaidi, na watoto hurithi.

Tena jambo hili si la marehemu tu. Kilichofungwa chaweza kufunguliwa: treni za abiria zilizokuwa hazifiki kaskazini kwa miaka mingi zilirudi Moshi mwaka 2019 na Arusha mwaka 2020. Treni za umeme zilianza kwenda Morogoro na Dodoma mwaka 2024. Na kwa miaka mingi pamesemwa ya reli mpya ya huku kwetu, kutoka Mtwara mpaka Mbamba Bay kwenye Ziwa Nyasa, yenye matawi ya kwenda kwenye makaa ya mawe ya Mchuchuma na chuma cha Liganga. Reli ya kwanza ililetwa kwa ajili ya karanga, nazo zilipokosekana ikakosa mtu wa kuitetea. Hii ya pili husemwa kwa ajili ya makaa na chuma. Ni halali sasa, kabla kipande kimoja cha chuma hakijalazwa, kuliandikia Shirika la Reli kuuliza: njia imechorwa ipite wapi, stesheni za abiria zimepangwa vijiji gani, korosho na ufuta wa mkulima vimewekwa katika hesabu au la, na fidia ya mashamba itapimwa namna gani.

Hayo ni maswali manne, yanatosha ukurasa mmoja. Anayetaka kuandika barua ya namna hiyo na kuona uzito wa kuianza, atukute baada ya ibada ya Jumapili, aje na karatasi yake.