Nguvu ya Kuondoka

Kuna ubishi usiokwisha vijiweni kwetu Bariadi: gari la kifahari lenye mbio, lisukumwe na magurudumu ya nyuma au yote manne? Toyota Crown ndiyo inayotugombanisha zaidi, maana zipo za namna zote mbili.

Mimi nilikuwa mtu wa fowili. Udongo wetu mweusi wa mbuga, huo unaotupa pamba, ukinyeshewa hauna adabu. Wenzangu wakinijibu kwa Safari Rally: miaka ya 1984, 1985 na 1986 Toyota Celica ya kusukumwa nyuma ilishinda mfululizo, wakati kwingineko fowili za Audi na Peugeot zikitamba. Nami huwakumbusha 1987, Audi ya fowili ilipotwaa ushindi. Basi, kelele tupu.

Masika moja nilipanda Crown ya rafiki yangu, fowili. Tulipoacha lami upande wa Dutwa tukaikuta Mark II imezama nyuma, watu wanaisukuma, matope hadi kifuani. Rafiki yangu akapiga honi, tukapita. Nilicheka, sifichi.

Mbele kidogo mtoto akatokeza akiswaga ng'ombe. Breki! Gari likaserereka kama sabuni, likaangukia mtaroni, hatua mbili tu kutoka kwa yule mtoto.

Waliokuja kututoa ni wale wale wa Mark II. Mzee mmoja akaniuliza, "Ng'wanawane, hili nalo lina miguu mingapi?" Sikuwa na jibu.

Tangu siku ile nalitafakari. Fowili husaidia kuondoka. Kusimama ni kazi ya breki na tairi, na breki za kila gari hushika magurudumu yote manne. Gari la kusukumwa nyuma, ukizidisha mafuta, hucheza mkia, likakuonya mapema. Letu lilikaa kimya, tukadhani ardhi imetutii.

Sisemi mwenye Mark II ni mwema kwa kuwa alikwama. Kukwama si uadilifu, na kuwa na nguvu si dhambi. Ila nguvu inayotuondolea onyo hutudai tujionye wenyewe. Na inayotuwezesha kuwapita wenzetu haitufutii deni la kusimama.

Je, msomaji, wewe mwenye cheo, elimu au fedha: umeshajaribu breki zako?