Kujitibu na Kusubiri: Mas'ala ya Mgonjwa wa Figo

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Jua, ewe ndugu msomaji, kuwa kazi ya figo ni kuchuja damu. Zikifa zote mbili, taka za mwili hubaki ndani zikamwua mtu. Iko mashine ya kuisafisha damu hiyo. Lakini haiponyi, hushika tu mahali pa figo. Desturi yake ni mara tatu kila juma, muda wa saa nne kila mara, yaani mara 156 kwa mwaka. Na mwenye kuiacha hafiki mbali.

Na akadiriwe mtu wa Kalinzi, katika milima ya Kigoma, mwenye shamba la kahawa na migomba, na watoto wadogo. Tabibu amemwambia ahamie mji wenye mashine. Hospitali ya Muhimbili ilianza kupandikiza figo mwaka 2017. Lakini iko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli, na kupandikiza kwataka mtu wa kutoa figo yake, kisha dawa za maisha. Je, auze shamba, au abaki kwake na kusubiri?

Jawabu: Katika madhehebu ya Imam Shafi, asili ya kujitibu ni sunna, si wajibu; na wamo waliosema huwa wajibu ikiwa kupona ni yakini. Mtume (S.A.W.) ameamrisha watu wajitibu, basi aendaye hospitali hakupungukiwa na tawakali. Na Ibn Abbas amepokea habari ya mwanamke mwenye kifafa, aliyekhiyarishwa na Mtume baina ya kuombewa apone na kusubiri apate Pepo. Akachagua kusubiri, wala hakulaumiwa.

Lakini angalia: alichagua mwenyewe. Hapa ndipo wengi hukosea. Subira ni ibada ya mtu katika nafsi yake. Hawezi mtu kusubiri kwa figo za mwenziwe. Ndugu wasemao barazani, "Tumwachie Mungu," na nyoyoni wanalihofia shamba la urithi, hao hawakutawakali. Ni ubakhili waliouvika kanzu. Wala si halali kumficha mgonjwa gharama na hatari, hata akauza kila kitu asijue anunuacho.

Na mgonjwa naye awatazame walio nyuma yake. Saad bin Abi Waqqas alipougua Makka, Mtume alimwekea mpaka wa thuluthi katika kutoa mali yake, kwani kuwaacha warithi na cha kuwatosha ni bora kuliko kuwaacha wakiomba watu. Matibabu si wasia, na mali ni yake maadamu yu hai. Lakini hekima ni ile ile.

Basi wenye uwezo wasimwache mja achague baina ya uhai wake na chakula cha wanawe. Akiwa fukara, zaka ni haki yake. Akisha kusaidiwa, akaenda au akabaki, amechagua. Ama aliyebaki kwa kuwa hapana aliyemchangia, subira yake ni thawabu kwake, na ni hoja juu yao Siku ya Kiyama.

Wallahu aalam.