Nani Amemtoa Mwanachama?

Swali ni la kidini, ingawa lilitufikia likiwa ndani ya kompyuta mpakato. Je, mtu anaweza kutengwa na wenzake pasipo mwenzake hata mmoja kuamua kumtenga? Kijana aliyetoka Mwanza kutuuzia programu ya kutunza orodha ya wanachama alituonyesha kwamba inawezekana, tena kwa urahisi. Ada ikichelewa siku 30, mwanachama anatumiwa meseji. Siku 60, meseji ya pili. Siku 90, ya tatu, na usiku huohuo jina linahamia lenyewe kwenye orodha ya waliotoka. Asubuhi hakuna kiongozi anayelazimika kujua. Kijana aliitaja hiyo kuwa sifa kubwa ya bidhaa yake. "Viongozi hamsumbuki, mama," aliniambia.

Mimi ni mhazini wa umoja wa wafanyabiashara unaochukua watu wa Tarime na Serengeti. Nauza pembejeo Mugumu: mbegu, dawa za mifugo, mabomba ya kunyunyizia. Sisi si TCCIA, chemba ya taifa ya biashara, viwanda na kilimo, iliyoanzishwa mwaka 1988 na yenye matawi mikoani, ila mzigo wa orodha tunaubeba uleule. Yetu imo kwenye kaunta buku mbili, moja Tarime mjini, nyingine dukani kwangu, na hazijawahi kukubaliana. Mtu wa Sirari ana laini ya Voda na ya Safaricom, na hujui leo ipi imo kwenye simu. Halafu majina. Huku kwetu majina ni machache na yanazunguka nyumba zote: Chacha Mwita, Mwita Chacha, Marwa Chacha, Mwita Marwa. Tulipoingiza orodha kwa majaribio, programu ilidai wanachama wetu wengi wamejirudia, ikaomba ruhusa ya kuwaunganisha. Chacha Mwita wa magunia ya mahindi Sirari angekuwa mtu mmoja na Chacha Mwita fundi cherehani wa Nyamwaga, na deni la mmoja lingeangukia kichwani mwa mwingine. Tulicheka sana siku ile.

Sipingi programu. Hoja ya yule kijana ina uzito zaidi kuliko alivyojua mwenyewe. Tarime ni nchi ya koo. Watu wamechomeana nyumba kwa ajili ya mipaka na ng'ombe, hadi Tarime na Rorya zikapewa mkoa wao wa kipolisi. Mahali kama hapa, mhazini akimstahimilia mdaiwa wa ukoo wake na kumfuta wa ukoo mwingine, amewasha moto. Mashine haina ukoo. Haimjui Mwirege wala Mnchari, siku 90 ni siku 90 kwa wote. Aliyewahi kuonewa na kamati atakuambia kwamba usawa wa namna hiyo ni rehema, na mimi simbishii.

Lakini nimelelewa katika kanisa la Kimennonite, na jambo la kumtenga ndugu nimelisikia tangu utotoni. Wamisionari wetu walifika Shirati mwaka 1934 wakitoka Marekani, na wahenga wao walikuwa wamelibishania kwa karne nne. Menno Simons, padri wa Uholanzi aliyeacha upadri mwaka 1536, aliandika kulihusu mara nyingi. Mwaka 1693 ndugu wa Uswisi na Alsace waligawanyika kwa sababu ya jambo hilohilo: waliofuata ukali wa Jakob Ammann ndio wanaoitwa Waamishi hadi leo. Wote, wakali kwa wapole, walisimama juu ya sura moja, Mathayo 18. Hapo Yesu anaagiza hatua tatu. Ndugu akikukosea unamwendea mkiwa wawili tu. Akikataa, unarudi na mtu mmoja au wawili. Akikataa tena, kanisa linaambiwa.

Hatua tatu, meseji tatu. Ukitazama haraka utasema kijana wa Mwanza ameigeuza Mathayo 18 kuwa programu. Sasa tazama kinachoongezeka. Katika Mathayo wanaongezeka watu: kwanza mmoja, kisha wawili watatu, mwisho wote. Kadiri mkosaji anavyosogezwa mlangoni, ndivyo wanaomsogeza wanavyozidi kuwa wengi na kuubeba uzito wake. Likifika mwisho, hakuna muumini atakayesema hakuwepo. Katika programu zinaongezeka siku tu. Watu wanabaki walewale, yaani hakuna. Hata ritongo, baraza la jadi la Wakurya, kwa ukali wake wote, humsimamisha mtu na kumshtaki mbele ya watu. Ni baraza la wanaume, kwa hiyo sitalisifu zaidi ya hapo, lakini aliyehukumiwa humo anajua nani alisema nini.

Alhaji mmoja wa kamati yetu, mwenye duka la vitambaa Tarime mjini, alikuwa upande wa kijana. Alisema deni ni la kuandikwa, hilo halina mjadala: aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Sura ya Al-Baqara, inahusu kuandika deni, na kuweka mwandishi na mashahidi. Nikamwuliza, "Na mwenye dhiki, Alhaji?" Alikaa kimya kidogo, kisha akarudi nyuma aya mbili tu, hadi ya 280, inayotaka mdaiwa aliyebanwa asubiriwe mpaka apate nafuu. "Mama Bhoke," akasema, "hii programu imesoma aya moja."

Dhiki ya watu wetu haifuati kalenda ya ada. Mugumu kuna kina mama waliokuwa wakipeleka mboga na mayai kwenye kambi za watalii upande wa Ikoma. Mwaka 2020 korona ilipozuia ndege, kambi zilifunga na nyanya zikaozea kwenye matenga. Mmoja wao alikuja dukani akaweka trei ya mayai juu ya kaunta, karibu na mizani ya mbegu. Nikadhani analeta ada kwa njia ya mayai, nikaanza kupiga hesabu ya bei. Akanizuia mkono. "Hii si ada, dada. Ada sina. Nimekuja ili mjue nipo." Nikafungua kaunta buku, na pembeni ya jina lake nikaandika kwa penseli: yupo, nimemwona, nikatia sahihi. Watalii waliporudi alilipa yote. Kwa hesabu ya programu ile, angekuwa ametoka zamani, na angepaswa kulipa kiingilio upya kama mgeni.

Mjumbe mmoja alinijibu kwa hoja nzuri: chama ni hiari, na asiyelipa amejitoa mwenyewe, hakuna aliyemtoa. Kuna wanaojitoa hivyo, nakubali. Lakini kunyamaza si kujitoa. Huenda mtu wa Sirari meseji zote tatu zimeingia kwenye laini iliyolala kabatini. Huenda duka la Nyamongo limehamishwa kupisha mgodi na mwenyewe anahangaika na fidia. Utajuaje sababu ya ukimya wake bila kumwendea? Nchi yetu yenyewe imeliona hili: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inampa mtu haki ya kudai kwamba uamuzi unaomgusa kwa uzito usifanywe na mashine peke yake.

Imebaki hofu ya upendeleo, na hiyo haiondoki kwa kunukuu maandiko. Penseli yangu pembeni ya jina ndiyo hasa inayotiliwa shaka na mtu wa ukoo mwingine, na ana haki ya kutilia shaka. Hapo ndipo niliona kazi halisi ya mashine. Isisamehe wala isifukuze, ila isimwache anayesamehe au kufukuza ajifiche. Tulimwomba kijana atoe lile agizo la siku 90 na aweke nafasi mbili: sababu, na jina la aliyeamua. Alisema programu yake haibadiliki hivyo. Tukaagana vizuri, akanywa chai.

Tuliyoichagua ni ya bei nafuu na sura yake haivutii. Inapokea malipo ya lipa namba, inatoa risiti, inatenganisha akina Chacha Mwita kwa namba ya simu na kata. Inakumbusha, tena sana. Lakini jina halitoki mpaka viongozi wawili, mmoja wa Tarime na mmoja wa Serengeti, waandike kwamba wamemfikia mwanachama, na alisema nini. Kila baada ya miezi mitatu tunabandika orodha ya waliopewa muda, pamoja na jina la aliyewapa. Jina langu limo humo mara nyingi kuliko la yeyote, na wameshaniuliza kwa nini.

Nanyi wenzetu wa vyama vingine, wa Bunda, wa Rorya, hata wa ng'ambo ya mpaka Isebania, mnaotafuta programu sasa: kabla hamjauliza bei, mwambieni muuzaji awaonyeshe mwanachama anavyotolewa. Akishamaliza, mwulizeni ni nani amemtoa.