Nyumba Iliyofagiwa Ikabaki Tupu



Katika Injili ya Mt. Mathayo, sura ya 12, Bwana wetu Yesu Kristu atufundisha habari za pepo aliyemtoka mtu, kisha akarudi. Aliikuta nyumba ni safi, lakini haina mwenyeji. Basi akaingia tena pamoja na wenzake saba, na taabu ya mtu yule ikazidi ile ya kwanza.

Mafundisho hayo yatufaa tukitazama yaliyowapata vijana wakati wa gonjwa la Korona. Mwezi Mei 2020 wataalamu wa Marekani waliwauliza vijana wa miaka 13 hadi 24 wenye kuvuta sigara za umeme kama desturi yao imebadilika. Zaidi ya nusu walijibu kwamba imebadilika, na wengi wa hao walikuwa wamepunguza au wameacha kabisa. Wengine walihofia mapafu yao. Wengine hawakupata pa kununua. Wengine walikuwa nyumbani, machoni pa wazazi. Lakini walikuwako pia waliozidisha, kwa uchovu wa kukaa bure na kwa mashaka ya moyo.

Tusiseme, “Hayo ni ya ng’ambo.” Kibuta, wilayani Kisarawe, si mbali na Dar es Salaam, na ya mjini hufika shambani upesi. Ni kweli, Serikali ilipiga marufuku shisha mwaka 2016, na sheria ya mwaka 2003 yakataza kumwuzia tumbaku mtoto aliye chini ya miaka 18. Lakini sigara ya umeme ni kifaa cha betri kipashacho moto maji yenye nikotini hata yawe mvuke. Haina majivu, na mara nyingi hunukia matunda au peremende. Mama aweza kufua shati la mwanawe asitambue neno. Nayo nikotini, iwe katika moshi au katika mvuke, humfunga mtu, na huudhuru ubongo wa kijana ambao bado wakua.

Shule zetu zilifungwa Machi 2020, na wanafunzi wengi hawakurudi darasani hata tarehe 29 Juni. Miezi ile mitatu watoto walikuwa mikononi mwetu. Mzazi aliyewapa kazi ya shamba, mazungumzo na sala ya jioni aliijaza nyumba. Aliyewaachia kijiwe kiwalee aliiacha tupu.

Mwezi Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba hali ya dharura imekwisha. Hofu iliyofunga milango imeondoka. Sasa hatuna budi kulinda kwa upendo yale yaliyolindwa kwa hofu.

Nawe baba, ukishika sigara kidoleni, utamkanya mwanao kwa kinywa gani? Zima yako kwanza. Kisha umwite jioni, umwulize kwa upole, bila fimbo, umsikilize mpaka mwisho. Aliyekwisha kunaswa asifukuzwe. Asindikizwe zahanati, na aombewe.

Mt. Yosefu, mlinzi wa Familia Takatifu, atuombee.