Nani Kamtuma?

Mtu akisimama kusema jambo zito linalogusa watu wengi, aghalabu haulizwi kwanza kama asemalo ni kweli. Anaulizwa: nani kakutuma? Swali hili utalisikia kwenye kikao cha ukoo, kwenye mkutano wa kijiji, hata Bungeni. Anayeliuliza ana akili yake, kwani jibu likikosekana, hoja nayo haina tena haja ya kujibiwa. Asiyetumwa na mtu ni kimbelembele, na kimbelembele hajadiliwi, anakemewa.

Mahakama zina namna yao ya kuliuliza swali hilohilo. Mwaka 1989 Wangari Maathai alikwenda Mahakama Kuu jijini Nairobi kuzuia jengo la ghorofa 60 lisijengwe ndani ya Uhuru Park. Hakushindwa kwa hoja. Aliambiwa hana haki ya kufungua shauri, maana hakuonyesha madhara yaliyompata yeye kuliko wengine, na wa kuusemea umma ni Mwanasheria Mkuu. Kwa kuwa bustani ilikuwa ya wote, hakuna hata mmoja kati ya hao wote aliyeweza kuitetea, isipokuwa mtumishi wa serikali ileile iliyolibariki jengo.

Kuna watu, basi, ambao huenda mahakamani bila kutumwa, kwa majina yao wenyewe, kudai kilicho cha wote. Halafu siku moja wanachukua fomu ya kugombea. Hapo minong'ono huanza: kumbe siku zote alikuwa anatafuta cheo. Maathai mwenyewe aligombea urais wa Kenya mwaka 1997 akashindwa vibaya, na mwaka 2002 akachaguliwa mbunge wa Tetu. Wapo waliomwona ameanguka kutoka mahali pa juu. Mimi naona minong'ono hiyo inakosea jambo la msingi kuhusu mamlaka, na mtu wa kunisaidia kulieleza ni Mchungaji Christopher Mtikila.

Mtikila hakuwa mwanasheria. Alikuwa mhubiri, mzaliwa wa Ludewa, mwenye chama ambacho dola haikutaka kukisajili. Sheria ya vyama vya siasa ya 1992 ilidai chama kiwe na wanachama pande zote mbili za Muungano, na yeye alikuwa akihubiri kurudi kwa Tanganyika. Mwaka 1993 alifungua shauri Mahakama Kuu, Dodoma. Miongoni mwa mengi aliyoyaomba ni kwamba raia aruhusiwe kugombea bila kudhaminiwa na chama, na kwamba mikutano ya hadhara isihitaji kibali. Upande wa serikali uliuliza, kwa lugha ya kisheria, nani kamtuma. Jaji Lugakingira alijibu tarehe 24 Oktoba 1994: Ibara ya 26(2) ya Katiba inampa kila mtu haki ya kuchukua hatua za kisheria kuilinda Katiba. Si lazima aonyeshe jeraha lake binafsi. Mtikila akashinda kwenye mgombea binafsi, akashinda na kwenye vibali.

Wepesi wa jibu hilo haupaswi kutuficha uzito wake. Jaji hakusema kwamba Mtikila ametumwa na wananchi. Alisema kwamba kutumwa si sharti. Katiba ni mali ambayo kila mmoja wetu ni mlinzi wake kamili, si mlinzi wa sehemu yake moja kati ya mamilioni. Hapa idadi haina kazi. Watu milioni kumi wakija na hoja dhaifu, na mmoja akaja na hoja yenye nguvu, jaji mwaminifu anatakiwa ampe ushindi yule mmoja, tena aandike sababu zake ili kila mtu azisome na kuzipinga akiweza.

Sanduku la kura linafuata kanuni iliyo kinyume kabisa. Pale hoja haipimwi, watu wanahesabiwa. Na mpiga kura hadaiwi sababu na yeyote: anaingia peke yake, anaweka alama, anatoka. Wengi wetu huona huo ni udhaifu wa demokrasia ambao elimu ya uraia itautibu siku moja. Mimi nadhani ndiko uliko uhuru wenyewe. Mara moja katika miaka mitano, mtu asiye na cheo anafanya uamuzi ambao hakuna bosi, mume, askofu, sheikh wala jaji anayeweza kumwambia autolee maelezo. Anayekwenda kuomba kura kwa watu hao anawapa haki ya kumkataa bila sababu.

Mtikila alifika huko mwaka 2005. Chama chake cha DP kilikuwa kimeshasajiliwa mwaka 2002. Hukumu ya Lugakingira, kwa upande wa mgombea binafsi, ilikuwa imeshafutwa kitambo: Desemba 1994, wiki chache baada ya kusomwa, Bunge lilipitisha mabadiliko ya 11 ya Katiba yaliyofunga mlango aliokuwa ameufungua jaji. Kwa hiyo mwaka huohuo wa 2005 mtu mmoja alikuwa akifanya mambo mawili yanayoonekana kupingana. Alifungua shauri jipya kudai haki ya kugombea bila chama, na akagombea urais kwa tiketi ya chama. Alipata kura 31,083. Jakaya Kikwete alipata 9,123,952. Kwenye karatasi ileile ya kura alikuwapo pia Dakta Sengondo Mvungi, msomi wa sheria ya katiba, aliyepata 55,819.

Kura hizo 31,083 zinasema nini? Haziwezi kusema kwamba Mtikila alikosea kuhusu mgombea binafsi, maana miezi michache baadaye, tarehe 5 Mei 2006, majaji watatu wa Mahakama Kuu walimpa ushindi kwa mara ya pili. Huwezi pia kusema wananchi hawakuwa na shukrani. Waliulizwa swali jingine. Mahakamani jina la mlalamikaji ni kitambulisho cha jalada tu: dai likishasomwa, jaji anatakiwa amsahau mleta dai. Kwenye kura ni kinyume chake, dai linasahaulika anabaki mtu. Na Mtikila kama mtu alikuwa na mengi ya kupimwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 alitoa hotuba kali dhidi ya wafanyabiashara wenye asili ya Asia, aliowaita magabacholi, na waliosimama uwanjani wakamsikiliza hawakuwa wakisikia utetezi wa haki za kila raia. Mtu anaweza kudai mahakamani kwamba raia wote ni sawa, kisha akapanda jukwaani akawagawa. Jaji alifanya sawa kutolitazama hilo. Mpiga kura angefanya makosa kama asingelitazama.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaosema mtu wa kesi akigombea basi ameuza heshima yake. Heshima aliyopewa mahakamani haikuwa yake hata aiuze. Ilikuwa ya hoja. Angeweza kuwa mlevi, mgomvi au mchoyo, na Ibara ya 26(2) isingepungua hata herufi. Akigombea, kwa mara ya kwanza anajileta mwenyewe, na ile sifa ya kesi alizoshinda haibadilishwi kuwa kura kama fedha ya kigeni inavyobadilishwa dukani kwa kiwango cha siku hiyo.

Lakini kwa nini aende? Angeweza kubaki kwenye korido za mahakama, mahali alipokuwa mkubwa. Jibu liko kwenye hukumu ya tarehe 17 Juni 2010. Serikali ilikuwa imekata rufaa, na jopo la majaji saba wa Mahakama ya Rufani, likiongozwa na Jaji Mkuu Augustino Ramadhani, lilitengua ushindi wa 2006. Kiini cha uamuzi ni kwamba suala la mgombea binafsi ni la kisiasa, na mwenye mamlaka ya kulimaliza ni Bunge, lenye uwezo wa kubadili Katiba. Mahakama haina ruhusa ya kufuta ibara ya Katiba kwa kutumia ibara nyingine ya Katiba hiyohiyo. Sisemi hoja hiyo ni nyepesi. Mwanasheria makini anaweza kuitetea kutwa nzima. Ila ukiitazama kutoka upande wa mlalamikaji, inamwambia: nenda Bungeni. Na Bungeni haingii mtu asiye na chama. Anayetaka kuondoa sharti la chama anatakiwa kwanza alitii, aombe tiketi kwa viongozi wa chama, ashinde, kisha awashawishi wenzake, ambao kila mmoja wao amefika pale kwa sharti hilohilo, kwamba sharti halina maana. Swali la nani anastahili kutumwa limeachiwa wale ambao tayari wametumwa.

Ukiiona safari yake kwa jicho hilo, kugombea hakuonekani tena kuwa tamaa. Ni utii kwa mahakama. Hata kama Mtikila aligombea kabla ya hukumu hiyo (na tamaa nayo alikuwa nayo, hilo hakulificha), mantiki ilishakuwapo tangu Bunge lilipojibu hukumu ya kwanza kwa mabadiliko ya Katiba.

Alikuwa na mlango mmoja mwingine, nao uko Arusha. Tarehe 14 Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua, katika shauri lake na la Chama cha Wanasheria wa Tanganyika pamoja na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, kwamba Tanzania imekiuka haki ya raia kushiriki katika serikali ya nchi yake, na haki ya kutojiunga na chama. Mwaka uliofuata alidai fidia ya fedha, akakosa. Mahakama iliona hukumu yenyewe yatosha, na ikaagiza muhtasari wake uchapishwe kwa Kiingereza na Kiswahili. Sheria haikubadilika. Mwishoni mwa 2019 serikali ilitoa taarifa ya kuondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi kuishtaki moja kwa moja katika mahakama hiyo.

Kwa jirani, mambo yalikwenda mkondo mwingine. Katiba ya Kenya ya 2010 ilizika hoja iliyomshinda Maathai: mtu yeyote anaweza kufungua shauri kwa niaba ya umma, na mgombea huru anaruhusiwa. Okiya Omtatah, mwandishi wa tamthilia asiye wakili, alijijengea jina kwa kufungua mashauri ya aina hiyo na kuyatetea mwenyewe, hata ule mkataba wa reli ya SGR ambao Mahakama ya Rufaa ilisema mwaka 2020 kwamba ulikiuka sheria ya ununuzi. Mwaka 2022 watu wa Busia walimchagua kuwa seneta. Kwa sheria ya Kenya angeweza kusimama peke yake. Alisimama kwa tiketi ya chama kidogo. Mwaka mmoja baadaye alikuwa amerudi mahakamani, yeye na wenzake, kuipinga Sheria ya Fedha ya 2023. Kwa nini mtunga sheria aende kulalamika kwa jaji? Sababu moja ni kwamba miswada ya fedha hushughulikiwa na Bunge la Taifa, si Seneti. Ametumwa, lakini hakutumwa huko. Mahakama ya Rufaa iliifuta sheria nzima Julai 2024, na Mahakama ya Juu ikairudisha mwezi Oktoba. Katikati ya hayo, mwezi Juni, vijana walijaa barabarani kupinga muswada wa fedha wa 2024, hawana hukumu wala ubunge, na muswada ukaondolewa. Nao waliulizwa nani kawatuma, na nani kawalipa.

Wagombea huru wa Kenya wanastahili aya yao, hata kama ni fupi, maana wanawavunja moyo wanaodhani kwamba kuondoa chama kunamwachia mwananchi mtu safi. Wengi wao huwa ni walioshindwa kwenye kura za mchujo za vyama vyao. Wengi wa wabunge huru waliochaguliwa 2022 hawakumaliza mwezi kabla ya kutangaza kujiunga na muungano wa Kenya Kwanza.

Hilo halinifanyi niiache haki yenyewe, ila limenifanya nihame upande. Mtikila aliidai kama haki ya mgombea, na mahakama ya Arusha ikamwelewa hivyo. Mimi naona mwenye haki ni mpiga kura: ni haki ya kumpima na kumkataa mwenyewe mtu aliyejileta, badala ya kukataliwa kwa niaba yake ndani ya kikao cha kamati. Nchini Tanzania, Juni 2015, makumi ya makada wa chama tawala cha CCM walichukua fomu za kuomba kuteuliwa kugombea urais. Mmoja wao alikuwa Augustino Ramadhani, jaji mstaafu sasa, yule aliyeliongoza jopo la 2010. Mwezi uliofuata Kamati Kuu ilipitisha majina matano, na la Ramadhani halikuwamo. Huenda angefanya vizuri kwa wananchi, huenda angepata kura chache kuliko 31,083. Mtikila alifariki kwa ajali ya gari tarehe 4 Oktoba mwaka huo, wiki tatu kabla ya uchaguzi, akiwa ameshaambiwa na wananchi kile ambacho jaji wake hakuwahi kupata nafasi ya kuambiwa.

Mwaka 2020 Bunge la Tanzania lilibadili sheria ya utekelezaji wa haki na wajibu wa msingi. Anayetaka kufungua shauri la kikatiba alitakiwa aambatanishe kiapo kinachoeleza jinsi ukiukwaji anaoulalamikia ulivyomgusa yeye binafsi.