Kukawia, Amana na Usaliti katika Filamu ya Le Trou

Ni mazoea ya wahakiki wengi kuipima hadithi ya taharuki kwa kasi yake. Hadithi inayokawia kuanza huhesabiwa kuwa na kasoro ya kifani, na hata inapofanikiwa mwishoni, mafanikio hayo huchukuliwa kuwa fidia ya uchovu uliokwisha kuipata hadhira. Makala haya yanakusudia kuupinga mtazamo huo kwa kuichunguza Le Trou, filamu ya Mfaransa Jacques Becker iliyotolewa mwaka 1960, ambayo miongoni mwetu imefunikwa mno na umaarufu wa The Shawshank Redemption ya mwaka 1994. Hoja yetu ni kwamba kukawia kwa filamu hii ni sharti la kimaadili. Bila ya saa zile za mwanzo, mtazamaji hangekuwa na kipimo cha kuupimia usaliti unaoihitimisha.

Jina la filamu lina maana ya tundu, na katika lugha ya mitaani ya Wafaransa neno hilohilo humaanisha gereza. Kiswahili nacho kinalo tundu la kupenyea na tundu la kufugia kuku. Kisa chenyewe kimetokana na riwaya ya José Giovanni ya mwaka 1957, nayo riwaya imetokana na jaribio la kweli la kutoroka gereza la La Santé, mjini Paris, mwaka 1947. Jean Keraudy, anayemwigiza Roland, alikuwa mmoja wa waliolifanya jaribio hilo. Becker mwenyewe alifariki mwezi Februari 1960, kabla filamu haijaonyeshwa kwa umma.

Mahabusu wanne, Roland, Manu, Geo na Monseigneur, wamekwisha kupanga kutoroka wakati kijana Gaspard, anayeshtakiwa kwa kutaka kumwua mkewe, anapohamishiwa katika seli yao. Hapo ndipo linapozuka swali la kwanza: wamwambie au wasimwambie? Wasipomwambia, hawataweza kuchimba naye yumo humohumo. Wakimwambia, wamemtia roho zao mkononi. Yamkini msomaji atauliza kama imani isiyo na njia mbadala inastahili kuitwa imani. Tunaona kwamba inastahili, kwa kuwa hivyo ndivyo aghalabu imani inavyotujia maishani. Ni wachache wanaojichagulia jirani au ndugu. Methali yetu hutuonya kwamba kikulacho ki nguoni mwako, lakini haituambii afanyeje mtu mwenye nguo moja tu.

Baada ya siri kukabidhiwa, filamu inageukia kazi. Wanafunga kipande cha kioo kwenye mswaki ili wauchungulie ujia kupitia tundu la mlango. Wanaunda saa ya mchanga kwa vichupa viwili. Kisha wanaanza kuivunja sakafu kwa chuma cha kitanda, na kwa takriban dakika nne kamera haiondoki pale zege linapopigwa. Hakuna muziki wa kutuliwaza, na chuma kinapita mkono hadi mkono. Mtazamaji asiye na subira atalalamika kwamba hakuna kinachotukia. Kwa hakika kinachotukia ni kikubwa: kila pigo linaweza kusikika na askari, na kila anayekipokea chuma anaifanya hatari ya mwenziwe kuwa yake. Watu hawa hawaapizani. Kiapo chao ni jasho, na sisi tumefanywa mashahidi wake kwa kulazimishwa kuuhesabu muda pamoja nao.

Thamani ya kiapo hicho inadhihirika usiku ambao Manu na Gaspard wanafaulu kuufikia mfereji wa maji machafu ulio nje ya ukuta. Wanakiinua kifuniko na kuiona barabara, nayo teksi inapita. Wangeweza kwenda zao. Wanakirudisha kifuniko mahali pake na kurejea gerezani kuwachukua wenzao. Ni muhimu kusisitiza kwamba Gaspard ni mmoja wa wawili hawa. Becker hakutusawiria mnafiki aliyejificha tangu mwanzo, bali mtu aliyeitunza amana wakati uhuru ulipokuwa mbele ya macho yake.

Kinachomvunja ni kitu kidogo kuliko uhuru. Mkuu wa gereza anamwita na kumjulisha kwamba mkewe ameondoa mashtaka. Wanazungumza kwa muda mrefu, na filamu haituonyeshi neno la usaliti likitamkwa. Tunaliona tunda lake tu: kile kioo cha mswaki kinapotolewa mlangoni, ujia umejaa askari.

Hapa mpinzani anaweza kudai kwamba hapakuwa na amana yoyote ya kuvunjwa, kwa sababu ahadi baina ya wahalifu haimfungi mtu, na kwamba Gaspard aliitii sheria. Hoja hii haipaswi kupuuzwa. Wanafunzi wetu wameyazoea maandishi ya kifungo kama Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, iliyochapishwa mwaka 1973, ambamo mfungwa ni mtu wa msimamo na huruma zetu zina haki ya kuwa upande wake. Becker anatunyima utulivu huo. Hatuambiwi kwamba watu hawa wameonewa.

Jibu, kwa maoni yetu, limo katika uhusika wa Geo. Yeye anaamua kutotoroka, akihofia kwamba polisi wakimwendea mama yake, pigo hilo litamwua. Hata hivyo anaendelea kuchimba, naye anaitunza siri ya wenzake. Kwa hiyo njia ya tatu ilikuwapo, na Gaspard alikuwa akiitazama kila siku. Angeweza kubaki seli na kunyamaza. Kosa lake si kubadili nia, wala si kuiheshimu sheria. Kosa lake ni kuununua usalama wake kwa jasho la watu waliokuwa wamemfanya mmoja wao. Amana haiulizi kwanza kama aliyeitoa ni mwema, bali huuliza aliyeipokea ameifanyia nini.

Ndiyo maana mwisho wa filamu unauma kwa namna isiyo ya kawaida. Roland, aliyepoteza kila kitu, hamlaani Gaspard, bali anamhurumia kwa maneno mawili tu. Huruma hiyo ingekuwa tamthilia tupu kama tusingekuwa tumekwisha kuyasikia mapigo yote yale ya chuma. Mhakiki anayetaka dakika zile nne zipunguzwe hana budi kutueleza jinsi atakavyojua ni kiasi gani kilichoibwa.